Swali la Siri Linalojibiwa na Mji Mzima

Tangu nistaafu ualimu nimekuwa nikilinda mfumo wa kompyuta wa hospitali moja ya binafsi hapa Garissa, na sijaona adui wa kumshinda mtaalamu anayeshuka kutoka Nairobi na majibu kabla hajauliza chochote.

Wa karibuni alituletea mpango wa mgonjwa kusomea matokeo ya vipimo kwenye simu, nao ulikuwa umeshawashwa. Aliyesahau nywila angetaja nambari yake ya simu, kisha ajibu swali la siri: babu yako mzaa baba anaitwa nani? Akipata, angetumiwa nywila mpya kwa simu yoyote atakayoitaja. Mtaalamu aliuita mfumo huo imara. Nilipouliza uimara huo ulipimwa wapi, akasema inajulikana dunia nzima. Inajulikana! Hilo ni neno la watu wanaosikia badala ya kusoma.

Kwetu mtoto hajajua kuvaa viatu sawasawa ameshafundishwa abtirsi, yaani nasaba yake, na huikariri mbele ya wageni ili asifiwe. Kumfanyia Msomali jina la babu yake kuwa siri ni kufunga zizi kwa moshi.

Muuguzi wa kifua kikuu alinijia na wasiwasi. Mgonjwa wake, mwalimu kijana wa Galbet, alikuwa akikaribia kuolewa, na wakwe watarajiwa walikuwa wameanza kudadisi anafuata nini hospitalini. Binti alitaka kuwaambia mwenyewe, kwa wakati wake. Na wakwe ni nani, kama si watu waliokwisha kuchambua nasaba ya binti kabla ya kuleta posa?

Sikubishana na mtaalamu. Mkutanoni nilimwomba mkurugenzi ruhusa ya kufungua faili lake mwenyewe. Akacheka, akakubali. Nambari yake ya simu imebandikwa mlangoni kwake, na babu yake alijulikana na kila mfugaji wa Balambala. Chai haijapoa, nilikuwa nikiwasomea wote kiwango chake cha sukari.

"Inatosha, adeer," akasema mkurugenzi, akiniita ami kwa heshima.

Mtaalamu hakuona haya. Alipendekeza jina la mama kabla ya kuolewa. Ikabidi aelezwe, kama mtoto wa chekechea, kwamba mwanamke wa Kisomali habadilishi jina anapoolewa. Akauliza tangu lini.

Mkurugenzi akaamuru nywila mpya zitolewe dirishani tu, kwa mgonjwa anayetambuliwa na muuguzi wake. Mtaalamu alilalamika kwamba foleni itarefuka. Ikarefuka, na hakuna aliyekufa kwa kusimama. Adhuhuri hiyo hiyo niliyazuia maombi ya nywila kwa simu, lakini nikaacha mashine iendelee kuyarekodi.

Wiki iliyofuata yule mwalimu alikuja dirishani na muuguzi wake. Maneno yalikuwa yamezagaa mtaani kwamba faili lake limesomwa. Maneno ya mtaani siyajibu, nikaangalia rekodi.

"Hakuna aliyeingia," nikamwambia. "Lakini yupo aliyejaribu. Babu yako amemtaja bila kukosea."

Faili ni lake, kwa hiyo nikamsomea nambari ya simu iliyotajwa itumiwe nywila. Hakuhitaji kuitafuta kwenye simu yake. Ilikuwa ya dada wa mchumba wake.

"Akijaribu tena, adeer, mnaweza kumwandikia kwamba aje aniulize mimi?"

Nikamjibu kuwa mfumo hauna uwezo huo.

"Basi nitamwambia mwenyewe," akasema, akijitanda shungi yake upya. "Na itakuwa leo, mbele ya kaka yake."