Ramani ya zamani ilisema hakukuwa na mtu

Leo nimemfanya binti yangu atamani ardhi ipasuke immeze.

Tulikuwa maktaba hapa Louisville, kwenye maonyesho ya ramani za zamani za Amerika. Mama mmoja mzungu, mpole kabisa, ndiye alikuwa anatuelezea. Akaonyesha ramani ambayo mji wetu ni kidoti tu kando ya mto, na magharibi yote ni karatasi nyeupe.

"Huko hakukuwa na mtu," akasema.

Bon. Nikanyoosha mkono.

Binti akanivuta koti: "Mama, acha!"

Sikuacha. Kwa Kiingereza changu cha kiwandani nikauliza, "Kama hakukuwa na mtu, mito ya Mississippi na Missouri nani aliipa hayo majina ya wenyeji?"

Wote wakanigeukia.

Nikaendelea: "Mimi natoka milima ya Kivu ya Kusini. Kuna ramani ambazo kijiji chetu hakimo. Lakini bibi yangu alizaliwa pale, na akazikwa pale."

Yule mama akavua miwani. Nikajua nafukuzwa.

"Umesema kweli," akasema. "Nimekosea."

Sikuondoka, jamani. Nilingoja kundi la pili nisikie atasemaje. Akawaambia, "Hapa ni peupe kwa sababu mchoraji hakufika. Watu walikuwepo."

Donc, basi, nimechukua daftari. Naandika majina ya mito ya kwetu, hata vijito vidogo tulivyochotea maji. Nimefika saba nimekwama.

Nyinyi wa milimani, mnakumbuka vijito vipi? Andikeni hapa chini.