Mafuta Mazito ya Gitonga

Gitonga alikuwa fundi wa magari Meru kwa miaka kumi na tisa kabla Amerika haijamgeuza mtunza wazee, na neno moja hakulisahau: injini kuukuu hutaka mafuta mazito. Kule lilikuwa kweli. Huku mjini Savage, kwenye baridi ya kaskazini mwa Amerika, alilishika vivyo hivyo, maana mtu mzima hapendi kuambiwa ujuzi wake hauna kazi tena.

Toyota yake ilikula mafuta ya injini. Jumapili, mbele ya fleti, alimimina lita mbili za mafuta mazito juu ya yale mepesi yaliyobaki. Jirani yake Valerian, Mtanzania anayetengeneza mabasi, alisimama akamtazama.

"Mzee wangu, hayo ukiyachanganya, mepesi yanaharibika. Kesho ni digrii thelathini chini ya sifuri. Yataganda kama samli. Niachie mama nimpeleke mimi hospitali."

Gitonga akacheka. "Valerian, mimi nilifungua injini wewe ukinyonya."

Mama mwenyewe ni Nkirote, mke wa Gitonga, ambaye figo zilimfeli na alikuwa akisafishwa damu mara tatu kwa wiki katika kliniki ya Saint Louis Park. Ijumaa theluji ilikuwa imemzuia. Miguu ilivimba, na muuguzi alionya kwa simu kwamba Jumatatu asikose, liwe liwalo.

Asubuhi starta ilizunguka polepole, ikiguna. Mara ya nne injini ikawaka.

"Si nilisema!" Gitonga akapiga usukani kwa furaha.

Taa nyekundu ya mafuta haikuzimika. Alijua maana yake: mafuta hayazunguki kwenye injini. Yeyote aliyewahi kushika spana anajua. Lakini kuzima injini kulimaanisha kwenda kubisha mlango wa Valerian, na kiburi kikamshinda. Akaingia barabara ya 169, mkewe kando yake.

Walipovuka daraja la mto, injini ilianza kugonga, kidogo kidogo, kisha kwa nguvu.

"Baba Ian, hiyo ni nini?"

"Ni baridi tu. Ita-warm up."

Haikufika mbali. Injini ilikwama ikanyamaza, na gari likaserereka hadi ukingoni. Hita nayo ikafa. Simu ya dharura ilimjibu kwamba ajali ni nyingi, wasubiri. Akampigia Valerian, aliyesema "Nakuja."

Vioo vikaanza kushika barafu kwa ndani. Gitonga alivua koti akamfunika mkewe.

"Mama Ian, kosa ni langu. Yale mafuta..."

"Najua. Nilikuwa dirishani. Nilimsikia Valerian."

"Mbona hukusema?"

"Ukikosolewa mbele ya watu unanuna wiki nzima. Sina tena nguvu za kukubembeleza."

Akafumba macho. Gitonga akamwita "Mama Ian," kisha "Nkirote," na hakuitika.