Habasoda Katika Pindo

Kazi ya kushonea kambi hapa Maskati niliipata kwa ubishi. Tulipofika kutoka Unguja, mie na mdogo wangu wa kiume, niliambiwa mwanamke hashonei jeshi. Nikawauliza, basi atashona nani, nyie? Wakaniletea mashati.

Omani yetu haikuwamo katika umoja wa kivita wa Wazungu. Tulikuwa marafiki tu, na rafiki humwazima mwenziwe maafisa. Afisa wao akija, alipewa shati katika ghala moja na askari wetu, nami nikamtilia nembo ya khanjari, jambia la nchi, begani. Muda wake ukisha, nilifumua khanjari nikashona nembo ya kwao.

Mdogo wangu alikuwa mkalimani wa afisa mmoja, kimo chao kimoja, na akimbebea hata karatasi zake. Walipopelekwa vitani kusini, nilimtilia mdogo wangu punje saba za habasoda katika pindo la shati lake la kambi, kama mama alivyokuwa akitukinga. Akanicheka.

"Dada, mie mtu mzima."

"Utu uzima haukingi risasi," nikamwambia.

Haikuwa risasi. Gari lao lilisombwa na mafuriko katika wadi, bonde kavu la mto. Baada ya siku nyingi ikaokotwa maiti moja, na mfukoni mna karatasi za afisa. Mdogo wangu, wakasema, hajaonekana. Nilishikilia neno hilo, maana asiyeonekana huenda akarudi.

Asubuhi moja sajini wa kambi akaniletea shati la marehemu afisa, limefuliwa, bado bichi. Nitoe khanjari, nitie nembo ya kwao, liwekwe juu ya sanduku la maiti.

"Fanya haraka, bibi. Ndege ya kumrudisha kwao inaondoka adhuhuri."

Nikaanza kufumua. Shati likanitelezea mapajani, kidole kikagusa pindo. Vijiwe vidogo. Nikavihesabu, nikarudia kuvihesabu. Saba.

"Huyu mlimtazama uso?"

"Hakukuwa na uso wa kutazama. Na sanduku limeshapigwa misumari."

Nikamwonesha pindo. Alilipapasa, akalivuta shati mikononi mwangu, khanjari inaning'inia kwa uzi mmoja. Nilimfuata hadi barabarani bila ya buibui, nikipiga kelele kuwa sandukuni mle mna Muislamu. Gari lenye sanduku likaondoka.

Labda walibadilishana mashati. Hayo nimejiambia miaka yote. Lakini kila Ijumaa kuna kaburi huko kwa Wazungu nnalolisomea Fatiha, wala sijui liko mji gani.