Mama Aliyemlilia Mtoto Mchanga

Enzi zetu pale Yamumbi, kabla ya kuta hizi za mawe zenye vipande vya chupa juu, boma la mtu lilizungushiwa ua wa kayaba, mti wa miiba, na kayaba haikosi matundu. Kupitia matundu hayo akina mama walipitishiana chumvi, kaa la moto la kuwashia jiko, na habari za mtaa mzima. Sisi watoto tulipenya wenyewe, tukatokea upande wa pili na mikwaruzo ya miiba. Tulicheza mpira wa kati na kuruka bladaa barabarani hadi miguu ikawa rangi ya udongo, mdomoni bado tuna utamu wa maziwa ya Nyayo tuliyogawiwa shuleni, ambayo pakiti zake tulitoboa kwa meno. Mzazi yeyote alikuwa na ruhusa ya kukuchapa, na ukienda nyumbani kulalamika, unaongezwa. Watoto wa leo ukiwakazia macho tu, wanaomba kupelekwa kwa mshauri.

Mimi niliuzoea mtaa upesi. Mama yangu alishindwa. Tulikuwa tumetoka Kimilili kumfuata Baba, aliyepata kazi katika kiwanda cha nguo mjini Eldoret, na Mama, aliyekuwa na dada na mawifi kila kona kule kwetu, alijikuta hana hata wa kumwambia kwamba mvua inakuja. Majirani wengi walikuwa Wakikuyu wenye maduka na vishamba vya viazi, na wachache Wakalenjin, kama Mama Chebet aliyetuuzia maziwa. Walimsalimia vizuri, naye aliitikia vizuri, kisha kila mtu akashika njia yake. Jioni moja nilimsikia akimwambia Baba, "Tukishavuna mahindi, mimi na watoto tunarudi nyumbani. Hapa hata nikifa, hakuna mtu atajua." Nililia chini ya blanketi, kwa maana mimi nilikuwa nimeshaupenda mtaa.

Jumamosi moja ya mwezi wa saba, ukungu ukiwa bado umelalia mahindi, Mama alikuwa akifagia uani alipoona akina mama wakipita njiani kwa mstari. Mmoja alibeba sufuria kubwa, mwingine ndizi, na wengi wao mizigo ya kuni. Wote walikuwa kimya, vichwa vimeinama. Waliingia kwa jirani yetu Mama Kamau.

Sasa, mtu wa kwetu akiona kuni na sufuria vikielekea boma moja, anajua kuna msiba. Tena kwetu mama hubeba kuni kichwani, shingo imesimama, mdomo uko huru kupiga gumzo. Mama hakujua kwamba mama wa Kikuyu hubeba mzigo mgongoni, kamba ikipita kwenye paji la uso, na kamba hiyo haimruhusu mtu kuinua kichwa, sembuse kucheka. Aliona huzuni mahali palipokuwa na uzito wa kuni tu.

Aliangusha ufagio. "Matanga hayangoji mwaliko," aliniambia, akajifunga leso kiunoni, akanishika mkono.

Na kwetu haingiwi kwenye msiba kimyakimya kama mwizi. Unaanza kulia ukiwa bado njiani, ili wafiwa wajue hawako peke yao. Alipofika kwa Mama Kamau, mikono ilikuwa kichwani na sauti yake nadhani ilisikika hadi mjini. "Uuuwi! Mayi wee! Umetuacha na nani!" Alipita katikati ya wanawake walioduwaa na miiko mikononi, akaingia sebuleni, akamkuta Mama Kamau ameketi kwenye kochi, ananyonyesha mtoto aliyezaliwa wiki ileile. Zile kuni na ndizi zilikuwa za kumpongeza mzazi.

Uji ulikuwa ukitokota jikoni, nikausikia. "Ngai!" mtu akasema. Kumlilia mtoto mchanga ni kumwitia mkosi. Mwanamke mmoja alikuwa tayari amesimama kumtoa Mama nje, na mimi nikajua kwamba hatutangoja tena mahindi, safari ya Kimilili ni kesho.

Aliyemzuia ni Cucu, yaani nyanya, mama mkwe wa Mama Kamau, ajuza mwenye ndewe ndefu zilizotobolewa matundu makubwa, aliyeketi kwenye kigoda kando ya mtoto.

"Unajua huyu mtoto anaitwa nani?" alimuuliza Mama.

"Sijui, Mama. Nisamehe. Nilifikiri..."

"Anaitwa Wanjiku. Hata mimi ni Wanjiku. Kwetu, huyu ni mimi nimezaliwa tena. Kwa hivyo ni mimi umelilia."

Mama alipiga magoti pale pale kwenye saruji.

"Na hata hunijui," Cucu akaendelea. "Mimi nilitoka Nyeri nikifuata kijana wangu. Dada zangu wote walibaki huko. Kila siku najiuliza, nikifia huku, nani atanililia? Leo nimesikia." Akawageukia wale wanawake. "Mmesikia vile amelia? Na hanijui! Akinijua itakuwa aje? Mpatieni uji."

Mama Kamau ndiye aliyeanza kucheka, akashika tumbo lililokuwa bado linamuuma baada ya kujifungua, huku anacheka. Kisha nyumba nzima ikaangua kicheko, na Mama akicheka na kulia kwa pamoja. Mama Chebet alimsogezea kiti. Wakampa mtoto ampakate.

Kuanzia siku hiyo jina lake mtaani likawa Mliaji wa Cucu. Alijifunza kubeba kuni kwa kamba, akalalamikia shingo, akafundisha wenzake kupika mboga ya mrenda. Hakukuwa na ugonjwa, harusi wala kisima cha kusafisha ambako Mama hakufika kati ya watu wa kwanza. Mahindi yalivunwa, na hakuna aliyeitaja Kimilili. Cucu alipofariki miaka kadhaa baadaye, watu wake waliimba nyimbo za kanisa kwa sauti ya chini, lakini langoni walimwachia Mama nafasi. Akamlilia kwa sauti kama siku ile. Wanawake wale nawavulia kofia hadi leo, kwa maana wangeweza kumfukuza na hakuna ambaye angewalaumu.

Siku hizi Yamumbi ina maghorofa. Jirani namjua kwa rangi ya gari lake. Mtu akifiwa, kundi la mtaa kwenye simu linajaa vile vipicha vya vikono vilivyofumbatwa, vijana wanaandika "pole fam," na papo hapo mwingine anatangaza kochi analouza.

Mama alituacha mwaka jana. Nilikuwa nimekaa ndani, lango limefungwa, simu ikitetemeka mezani kwa pole za watu, nikihisi upweke ambao sijawahi kuujua. Ndipo nikasikia sauti kutoka barabarani. Ilikuwa sauti ya mtu asiye na mazoea, inapanda mahali pa kushuka, inakatika, inaanza tena. "Uuuwi! Mayi wee!" Nilichungulia dirishani. Wanjiku, yule mtoto wa kwenye kochi, sasa mama mzima mwenye suti ya ofisi, alikuwa ameuacha mkoba wake kwenye vumbi na kuweka mikono kichwani.

"Mum, huyo ni mtu wa kwetu?" binti yangu akauliza.

"Ni wa kwetu," nikamwambia. "Weka uji jikoni." Nikatoka kwenda kumfungulia lango.