Bibi Alibaki Kwenye Benchi

Kati yangu na Wegesa, nani alikuwa mjukuu wa Bibi Anastazia? Swali hilo lilinianza asubuhi ya kwanza niliyoamka kwake, kijijini Butiama, kwa harufu ya kibuyu kikifukizwa. Bibi alikuwa akisugua ndani ya kibuyu kwa kijiti chenye kaa la moto, ili maziwa yatakayoganda humo yanukie moshi, na aliyemshikia kibuyu alikuwa Wegesa, msichana wa rika langu. Niliponyoosha mkono nisaidie, alinisukuma kwa kiwiko. "Utakivunja. Nyie wa Musoma si mnanunuaga maziwa ya pakiti?" Bibi akacheka, na kicheko kile kiliniunguza kuliko kaa.

Mama yangu, mtoto pekee wa Bibi, alikuwa ameenda masomoni Mwanza. Alifunga nyumba yetu ya Makoko, pale Musoma, akanipeleka kwa mama yake, nimalizie huko mafundisho ya komunio ya kwanza. Bibi nilikuwa nimemzoea kwa ziara za Krismasi, bibi wa kugawa karanga na kuombea safari. Sasa niligundua kuwa alikuwa na maisha yake, na kwamba yalikuwa yamejaa. Uani kulikuwa na nyumba mbili: yake, na ya Wegesa na mama yake, mwanamke mkimya aliyelima mtama na mihogo ya Bibi kana kwamba ni yake. Nilipouliza hawa ni nani wetu, niliambiwa, "Ni wa hapa." Jibu gani hilo? Hata ng'ombe walikuwa wa hapa.

Kila alfajiri Bibi alipiga magoti kwenye sakafu ya udongo, akasali rozari, kisha akatuombea kwa majina. Wegesa alitangulia daima. Nilisikiliza chini ya blanketi, meno yameumana. Siku moja nilishindwa kuvumilia.

"Bibi, mbona mimi nafuata? Si mimi ndiye wa damu?"

"Kwa Mungu hakuna foleni, mama."

"Basi uanze na mimi."

"Haya, kesho."

Kesho yake alianza na Wegesa. Naye Wegesa, kama aliyejua, alinikabidhi jembe kabla ya chai: "Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Twende."

Silaha yangu ilikuwa komunio. Wegesa hakuwa kwenye mafundisho. Katekista, alisema, anataka kwanza mambo ya nyumbani kwao yanyooke. Sikuuliza mambo gani, mimi niliyeuliza kila kitu. Nilifurahi tu kwamba kuna mlango mmoja asioweza kunitangulia. Nilijiona nikitembea na gauni jeupe, Bibi ubavuni, tukipokea pamoja. Nani angestahili kuliko yeye? Ndiye aliyefagia kigango, aliyeanzisha nyimbo za jumuiya, aliyekesha na wagonjwa ambao hata ndugu zao waliwachoka. Kwamba Jumapili, watu wakisimama kupokea, yeye hubaki ameketi, nilikuwa nimeliona bila kulifikiria. Nilidhani analinda mikoba ya wenzake.

Siku yenyewe ilipofika nilipokea, nikageuka. Bibi alikuwa kwenye benchi. Wegesa alikuwa amemwegemea, amefunikwa nusu ya kitenge chake, na mkono wa Bibi ulikuwa juu ya kichwa chake. Hostia ilininata kwenye kaakaa. Nilitamani kuitema.

"Mbona hukuja?" nilimuuliza nje.

"Nilikuwa nakuangalia, mama. Umependeza."

"Amependeza kweli," Wegesa akasema. "Kama kuku mweupe wa Krismasi."

Wote walicheka isipokuwa mimi na, nakumbuka sasa, mama yangu, aliyekuwa amekuja kwa sherehe ile.

Leo nafundisha sekondari Bunda. Kanisani naingia kwa harusi na misiba, na hata huko nabishana na mahubiri kimoyomoyo. Imani ya Bibi imenitoka kama rangi inavyotoka kwenye kitenge cha bei rahisi; wivu haukuchuja. Tulipomzika, aliyebeba msalaba mbele ya jeneza alikuwa Wegesa. Watu walinong'ona, "Yule ndiye mjukuu wake," nami nikasimama na wageni wa mjini, nimevaa miwani ya jua.

Baada ya matanga mama aliniambia. Bibi alifiwa na mume akiwa na binti mmoja tu, naye akaolewa mbali. Akatoa ng'ombe wa mahari, akamuoa mama yake Wegesa, kwa desturi yetu ya nyumba ntobhu, mwanamke kumuoa mwanamke ili boma lipate watoto. Chuoni niliwahi kuijadili desturi hiyo kwa majivuno mbele ya darasa zima, bila kujua kwamba nimewahi kula na kulala ndani yake. Kanisa halikuikubali, likamzuia Bibi kupokea.

Wiki ile ya komunio yangu, mama alisema, padri alimwendea Bibi: wale wawili wakiondoka, Jumapili angepokea pamoja nami. Mama mwenyewe alimpigia magoti akubali, kwa ajili yangu. Bibi aliomba apewe siku ya kusali, kisha akajibu: "Huyu ana mama, ana Musoma, na sasa ana altare. Yule akitoka hapa ataitwa wa nani?"

Hakupokea tena mpaka anakufa.