Jirani wa Ghorofa ya Tatu

Kila asubuhi ya kipupwe mzee jirani wa ghorofa ya tatu hushuka ngazi na sweta moja na koti jepesi, hujipaka mafuta ya mgando mashavuni kwa vidole vyake vinene, kisha hukimbia kando ya mto Songhua akiukabili upepo. "Toka ukisikia baridi kidogo," huwaambia watu kwa sauti ya kukwaruza, "joto utalikuta njiani." Shulan, wa jengo hilohilo, aliyeanza kukimbia naye majuzi, hakumwelewa. Baridi yote hii, mtu apunguze nguo? Akavaa makoti mawili.

"Dada, umebeba godoro?" mzee akamwuliza walipoanza kukimbia.

Walipofika darajani Shulan alikuwa amelowa jasho chepechepe. Aliposimama kupumua, jasho likapoa mgongoni, meno yakaanza kugongana. Mzee akamvua kofia iliyolowa, akamvisha yake. "Usisimame! Turudi, sasa upepo utatusukuma." Kichwa chake kitupu kilifuka mvuke kama sufuria iliyofunuliwa, kisha nywele zikaganda.

"Na wewe je, mzee?"

"Mimi nina hasira za kutosha kunipasha joto," akasema, akacheka. Shulan hakuwahi kumsikia akicheka. Njia nzima alikitazama kile kisogo cheupe, asijue acheke naye, au amwulize ni nani aliyemuudhi.