Ufunguo Ukae Mbali

Jirani yangu hapa Ipuli, fundi mstaafu wa reli, hatulii mbele ya gari lisilonguruma. Jumamosi alikuwa uani akibadilisha plagi za injini ya haibridi ya binti yake Lina, gari linalotumia petroli na betri, ambalo likiwa kwenye betri huwezi kujua kama limewashwa. Plagi nne mpya alizipanga juu ya gunia, akazipangua, akazipanga tena. Kila alipoingiza mkono chini ya boneti aliuchomoa, akafuta vidole kwenye suruali na kuuliza bila kugeuka, “Mama Lina, ufunguo uko wapi?” Mkewe, aliyekuwa barazani akichambua mchicha, aligusa pindo la khanga alikoufunga. “Uko hapa, baba Lina.” Mara ya tano, mkono ukiwa umetoka tu ili aulize, injini ikaunguruma yenyewe kuchaji betri. Aliruka nyuma, spana ikamponyoka. Mkewe hakuacha mchicha wake. “Ufunguo ninao,” alisema, “ila gari hukulizima.” Mumewe akalizima. Kisha akaenda kuuchukua ule ufunguo, akaja nao mpaka kwenye michongoma inayotutenganisha, akaninyooshea. “Kaa nao wewe,” akasema, “na usisogee.”